Kompyuta ya Chumba cha Wasichana

Kompyuta ya kwanza niliyofungua kazini ilikuwa na mende. Mwenyewe, mwalimu mmoja wa Nateete, alikuwa ameshaambiwa na mafundi wengine kwamba imeingiwa na virusi na lazima ifutwe yote. Mzee Opio, aliyeniajiri, alinipa bisibisi akaniambia nifungue kwanza, maneno baadaye. Mende walitoka kwa fujo, nikapanda juu ya kiti, na wateja waliokuwa wakingoja wakapata kitu cha kucheka hadi adhuhuri. Tuliondoa kiota kwa brashi ya kupakia rangi, tukapuliza vumbi, tukaifunga, nayo ikawaka vizuri. Mwalimu aliuliza virusi vimekwenda wapi, Mzee Opio akamwonyesha ufagio.

Nyinyi vijana wa karakana mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Nimestaafu majuzi tu, kwa sababu macho hayazioni tena skrubu ndogo na mgongo haukubali kuinama chini ya meza za watu. Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Mshahara mnaujua, na cheo nilikuwa nacho kimoja, fundi, ingawa wateja wa mtaa wetu wa Kisenyi walipenda kuniita Hajati na mimi Makka sijawahi kufika. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na zaidi kuhusu kompyuta moja ambayo mpaka leo sijaacha kuifikiria.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, mama alikuwa Mnubi wa Bombo, na kambini kila mtu alikuja na lugha yake, kwa hiyo Kiswahili kilitulea sote. Kilikuwa Kiswahili cha amri na cha kuazimana chumvi. Hiki ninachoandika hapa nilikipata baadaye, kwa kusoma na kwa kubishana na wateja Wakenya, ambao hawakuchoka kunisahihisha.

Mzee Opio naye alikuwa mtu wa kambini. Alitengeneza redio za polisi mpaka alipostaafu, kisha akafungua karakana Kisenyi, kati ya gereji na duka la jumla la Msomali mmoja aliyetuuzia chai na habari zote za mtaa. Alikuwa mpole, lakini fundi aliyekurupuka alimpandisha hasira. Siku zile, kama siku hizi, dawa ya kila ugonjwa ilikuwa kupiga windo: unafuta kila kitu, unaweka upya, unamrudishia mtu mashine safi isiyo na kitu chake hata kimoja. Yeye alilichukia jambo hilo. "Hapana piga windo kama wewe hapana jua mgonjwa nasumbuliwa na nini," alikuwa akisema. "Kwanza toa waya ya intaneti. Mwizi iko ndani ya nyumba, wewe naacha mulango wazi ya nini?"

Nilifanya kazi hivyo maisha yangu yote. Kwanza unakata intaneti, ili programu ya kupeleleza isiendelee kutuma kitu nje na isipokee amri. Kisha unaiwasha mashine katika ile hali yake ya tahadhari, ambapo inaamka na vitu vichache tu, na unatazama ni programu zipi zilizojiandikisha kuamka pamoja nayo kila asubuhi. Hapo unamwita mwenye nyumba akae kando yako. Unamuuliza: hii unaijua, hii nani aliiweka, hii mnaitumia kwa kazi gani? Wengi wenu mnaruka hatua hiyo kwa sababu wateja wanaongea sana. Waacheni waongee, wanaijua nyumba yao. Dawa ya virusi mnaiweka baada ya hapo, kutoka kwenye flashi iliyofungwa isiandikwe, na maneno ya siri yanabadilishwa kwa kutumia mashine nyingine, si ile iliyokuwa mgonjwa.

Kuna miaka ambayo tuliishi kwa virusi vya flashi, vile vinavyoficha mafolda ya mtu na kuweka mahali pake vijifolda vya uongo. Watu walikuja wakilia. Pasta mmoja wa Kyebando alikuja na mahubiri yake yote yamegeuka hivyo, na fundi wa jirani alikuwa amemshauri akubali kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mahubiri yalikuwepo palepale, yamefichwa tu. Nilimrudishia yote, naye Jumapili iliyofuata akahubiri kwa muda mrefu mno, kwa mujibu wa jirani zake walionilaumu mimi.

Lakini kitu kilichonifanya niwe fundi wa namna niliyokuwa sikukipata kwa Mzee Opio. Nilikipata kwa mama. Mama alikuwa mwosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki kambini au Kisenyi, yeye ndiye aliyeitwa, na mara nyingine alinichukua nimshikie ndoo. Mwili hauachwi wazi. Unafunikwa shuka, na mwosha anafunga kitambaa mkononi, anapitisha mkono chini ya shuka na kusafisha bila kuangalia. Akitoka chumbani, kama aliona jambo la heri analisema, na kama aliona aibu anakwenda nayo mpaka kaburini kwake. Nilipoanza kazi aliniuliza kama tukifungua kompyuta za watu tunaona yaliyo ndani. Nikamwambia tunaona yote: picha, barua, kila kitu. "Basi na wewe tafuta shuka," akasema.

Nikaitafuta. Mashine yoyote ikifika mezani kwangu, kitu cha kwanza baada ya kukata intaneti nilikuwa nazima vile vipicha vidogo vinavyojitokeza kwenye folda, yabaki majina ya faili na tarehe peke yake. Picha ya mtu sikufungua. Kama ilikuwa lazima ifunguliwe, mwenyewe aliifungua na mimi nikageukia ukutani. Mafundi wenzangu walinicheka, wakaniita Sheikha, wakasema ninaosha kompyuta kwa udi na karafuu maiti. Hata hivyo wanawake walisikia. Walianza kuniita majumbani, hasa nyumba za Waislamu, kwenye vyumba ambavyo fundi mwanamume hakanyagi.

Ndivyo alivyonijia Mama Shamim, miaka michache iliyopita, muda si mrefu baada ya shule zilizofungwa kwa korona kufunguliwa tena. Alikuwa Mnubi kama mama yangu, mjane wa dereva wa basi, amejifunga vizuri gurbaba yake, ile nguo ya wanawake wa Kinubi, na alikaa kwenye benchi mpaka wateja wanaume wote wakaondoka. Ndipo akasema. Binti yake Shamim alikuwa ameposwa na Idi, kijana wa Nateete, na watu walikuwa wameshakubaliana. Kisha picha za Shamim zikaanza kutembea kwenye simu. Ni picha za chumbani mwake, kichwa wazi, na nyingine mabega wazi. Zilifika kwa kaka yake Idi, kutoka hapo kwa Idi mwenyewe na kwa wengine, mpaka habari ikamfikia mzee wake. Kila aliyezipokea alisema jambo moja: msichana amejipiga picha akamtumia mwanamume.

Baba hakuwepo, kwa hiyo walii wa Shamim alikuwa ami yake, Haji Ramadhani, muuza spea anayejulikana Kisenyi nzima. Haji alimnyang'anya Shamim simu. Alimkataza kutoka. Jumapili, baada ya Alasiri, wazee wa Nateete wangekuja kusikia atakalosema walii, na kila mtu alijua atasema nini: angekiri kosa kwa niaba ya binti, aombe msamaha, posa ivunjwe kwa heshima. Kabla ya hapo alitaka kompyuta ya nyumbani isafishwe yote, isije ikawa na picha nyingine. Hicho ndicho nilichoitiwa.

"Mutoto nasema hapana tuma," Mama Shamim aliniambia. "Mimi ni mama yake, naamini. Lakini mimi kuamini peke yangu itasaidia nini?"

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya magereji. Kompyuta ilikaa katika chumba cha wasichana, juu ya meza inayotazama kitanda, kwa sababu wadogo zake Shamim walisomea hapo shule zilipofungwa, na kamera ndogo iliyonunuliwa kwa ajili ya masomo hayo ilikuwa bado imebanwa juu ya skrini. Shamim alikuwa kitandani, amejifunika mpaka puani ingawa ndani tulikuwa wanawake peke yetu. Nilimsalimia, akanijibu kwa kichwa. Nilimwambia sitafungua picha yoyote. Hakuonekana kuniamini, na sikumlaumu.

Nikatoa waya wa intaneti. Nikaiwasha kwa tahadhari, nikazima vipicha, nikaanza kuwauliza kuhusu zile programu zinazoamka na mashine. Hii ya masomo? Ya masomo, ndiyo. Hii ya muziki? Ya mdogo wake. Hii ya kusaidia printa?

"Printa gani?" akauliza Shamim. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Nyumba ile haikuwa na printa na haikuwahi kuwa nayo. Nikaangalia programu ile iliwekwa lini. Nikamuuliza Mama Shamim kama tarehe hiyo anaikumbuka, akaikumbuka mara moja, kwa sababu ndiyo siku kompyuta iliporudi kutoka kwa fundi. Ilikuwa nzito, haiendi, wakaipeleka kwenye kibanda kimoja cha mafundi mjini, na kijana mchangamfu akaibeba yeye mwenyewe mpaka mlangoni kuirudisha. Nikainuka nikaitazama kamera kwa karibu. Juu ya kile kitaa chake kidogo, kinachowaka kamera ikifanya kazi, palikuwa na kipande cha selotepu nyeusi kilichokatwa vizuri. Wao walidhani ni sehemu ya matengenezo.

Nilikaa chini kwanza. Nimeona virusi vya kila aina, vingi vimetengenezwa na watu wa mbali ambao hawamjui anayeumia. Huyu alikuwa mmoja wetu. Alishika bisibisi kama yangu, akakaribishwa chai katika nyumba hii kama mimi, akaondoka ameacha jicho ndani ya chumba cha wasichana. Nilijawa na hasira na aibu kwa pamoja.

Folda niliipata ilikofichwa. Programu ile ilipiga picha kila kitu kilipotikisika mbele ya kamera, ikaipa jina la tarehe na saa, ikaituma nje intaneti ilipopatikana. Nilisoma majina tu. Niliona baadhi yake ni ya siku za sikukuu, nikauliza Shamim alikuwa wapi. Alikuwa Bombo, anamuuguza bibi yake, na nyumba nzima iliijua safari hiyo. Basi siku hizo picha zilipigwa na nani, na za nani? Mama Shamim aliniomba nimsomee saa. Nikamsomea za asubuhi, muda mfupi baada ya adhana. Aliweka mkono kifuani. Binti alipokuwa hayupo, mama alikuwa akioga na kuja kuvalia katika chumba kile, kwa sababu ndicho chenye kioo.

"Basi na mimi niko ndani," akasema.

Shamim akashuka kitandani, akamkumbatia mama yake. Nilitoka nje nikasimama koridoni kwa muda.

Jioni Haji Ramadhani alikuja kuona kama nimemaliza. Nilimweleza nilichokipata. Alinisikiliza amesimama, funguo zikicheza mkononi, kisha akasema nifute. Nikamwambia nikifuta, mashine itakuwa safi na Shamim atabaki aliyetuma. Akasema ukweli wangu unahitaji watu waendelee kuzungumza habari za mwili wa binti wa marehemu kaka yake, na yeye anataka waache. Nikamwonyesha majina na tarehe. Akacheka kidogo. "Mashine naandika kile fundi nataka," akasema. "Wazee hapana soma tarehe."

Alikuwa mkaidi, lakini katika hilo la mwisho alikuwa na hoja. Tarehe kwenye skrini ni maneno tu. Ushahidi wa kweli ulikuwa picha zenyewe, na nani angezifungua mbele ya wazee? Kumtetea Shamim kwa kumwonyesha tena kungekuwa kumuumiza mara ya pili, na sasa na mama yake juu. Kwa upande mwingine, kunyamaza kama nilivyolelewa, kusafisha chini ya shuka na kuondoka, kungemzika binti mzima. Nilirudi nyumbani na jambo hilo likanikosesha raha. Nilitamani mama angekuwa hai nimuulize mwosha anafanya nini akikuta alama za mtu aliyeuawa.

Nilijua jibu lake. Mwosha akikuta hivyo anaacha kuosha, anaita watu.

Kuhusu yule fundi wa kibandani nitasema machache. Kabla ya kitu kingine nilichukua nakala ya programu na ya folda ile kwenye diski ndogo ya nje, nikaifunga katika bahasha mbele ya Mama Shamim, naye baadaye akaipeleka polisi, kwa afande mwanamke. Kijana alikamatwa, na ikajulikana nyumba ile haikuwa peke yake. Alikuwa akiwarushia marafiki zake picha kwa mzaha, na marafiki wakazirusha kwa wengine. Jina lake siliandiki hapa.

Jumapili nilifika mapema. Nilimwomba Mama Shamim tuihamishie kompyuta sebuleni, pale pale wazee watakapokaa, pamoja na kamera yake na selotepu yake. Niliiwasha kama ilivyowashwa siku zote, ila waya wa intaneti ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Hakuna ambacho kingetoka nje ya nyumba. Haji Ramadhani alikuwa ameshafika, ametoka kuswali msikitini, na alikuwa na wasiwasi, hasa na mimi. Nikamwambia naingia kuswali na wanawake, na ninaomba anisaidie jambo moja: aketi pale, ahakikishe hakuna mtu anayeigusa mashine mpaka nitakaporudi, asije mtu akasema fundi amechezea kitu. Hilo lilimpendeza. Akavuta kiti akakaa mbele yake, mikono magotini, kama askari wa benki. Sikumwambia kwamba kamera bado inafanya kazi. Angejua, angekaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Nilikusudia, na sijutii.

Tukaswali. Wageni wakaingia: Mzee Abdu, baba yake Idi, mtu mnyamavu mwenye ndevu nyeupe, Idi mwenyewe, ameinamisha macho, kaka yake, na wazee wengine wa pande zote mbili. Wanaume walikaa mkekani, wanawake wakawa nyuma ya pazia, na Shamim alikuwa huko kando ya mama yake. Mimi nilikaa mlangoni, kati ya huku na kule, mahali pa fundi.

Haji akaanza kusema alichokuja kusema. Alisema kwa ufasaha, kwa huzuni, habari za zama zilivyoharibika na watoto wa kike kuachiwa mashine. Alipofika mahali pa kuomba radhi kwa niaba ya binti, Mama Shamim akakohoa nyuma ya pazia na kuomba fundi apewe nafasi kwanza. Haji alitaka kukataa. Mzee Abdu akasema, "Kale," yaani haya, "tumusikie."

Sikueleza mengi. Nilisema kompyuta hii ina programu iliyowekwa na fundi aliyeitengeneza, na inapiga picha bila mtu kuigusa. Nilisema sitaonyesha picha ya mwanamke yeyote. Kisha nikamuuliza Haji, mbele yao wote, kama wakati sisi tukiswali kuna mtu aliyeigusa mashine. Akaapa hakuna, alikuwa hapo mwenyewe. Nikamuuliza kama yeye aliigusa. Akaapa hakuigusa. Ndipo nikafungua folda, nikashuka mpaka majina ya mwisho, ya saa ile ile, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikafungua picha ya mtu bila ruhusa yake.

Ilikuwa ya Haji Ramadhani. Alikuwa amevua kofia na kuiweka kwenye goti, upara wazi, vifungo vya kanzu vimefunguliwa mpaka kifuani. Miwani ilikuwa imepandishwa kwenye paji la uso, na alikuwa ameishikilia simu yake karibu na macho, mdomo wazi kidogo, kama mtu akaavyo akijua yuko peke yake. Nikafungua iliyofuata. Ilikuwa hivyo hivyo, simu bado iko karibu na macho.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeogopa watacheka. Haji alipeleka mkono kichwani, akaigusa kofia yake kuhakikisha ipo. Nikafunga picha, nikabandua ile selotepu, na kitaa kidogo chekundu kikaonekana kinawaka, kikitutazama sote. Mzee mmoja akavuta kanzu yake kufunika miguu.

Mzee Abdu akasema wao kutoka Nateete wameona, na wanaomba msamaha kwa kuamini haraka. Akasema kwa upande wao ndoa ipo, hata leo. Watu wakaanza kupumua, wakaanza kumshukuru Mungu, na Haji akainua mikono ili aombe dua, jambo liishe.

Shamim akasema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Wazee wangu, mumeona mimi sikutuma. Naomba kuuliza kitu moja. Humu ndani, nani iko nazo kwa simu?"

Ile dua haikuombwa. Nje mafundi wa gereji walikuwa wakigonga chuma, na humo sebuleni kila mtu aliangalia mkeka. Idi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alitoa simu yake, akaiweka katikati, akasema kwa shida kwamba alitumiwa na kaka yake, aliziangalia, na hakuzifuta. Alikuwa karibu kulia. Kaka yake akafuata. Mzee Abdu naye akaweka yake, simu ndogo ya vibonyezo isiyoweza kuonyesha picha hata ya kuku, kwa sababu aliona ni vibaya wanawe waweke yeye asiweke. Kisha mzee mwingine, na mwingine. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi zilitoka kwa watu waliokuwa wakitikisa vichwa kwa masikitiko Haji alipokuwa akisema habari za zama.

Mimi niliombwa nizifute. Nikasema kazi hiyo si yangu, kwa sababu anayezifuta lazima azione, na mwenye haki ya kuziona ni mmoja tu. Nikasema nitakaa kando yake, nimwonyeshe mahali ambapo simu huficha nakala, mpaka zote zitoke.

Haji Ramadhani alikuwa bado hajaweka kitu. Watu hawakumwangalia, na hilo nadhani lilikuwa gumu kwake kuliko wangemwangalia. Mwishowe aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akaitoa simu yake, akaiweka mwisho wa zote, kioo kikiwa chini.

Pazia likasogea. Shamim alitoka amejitanda vizuri, akapita mbele ya mchumba wake, mbele ya mkwe wake, akapiga magoti ukingoni mwa mkeka kama binti wa kwetu anavyofanya mbele ya wakubwa. Akaziacha simu nyingine zote, akachukua ile ya mwisho. Ilikuwa imefungwa. Akaishika kwa mikono miwili, kwa adabu, akamnyooshea.

"Ami," akasema, "weka kidole."

Haji akaweka kidole. Simu ikakataa kumtambua, ikabidi akiweke tena.